Nani anaweza kugusa hela ya ulemavu? Maswali ya madeni kwa wanaoishi na SSI au SSDI Marekani

Maswali haya yanatoka kwa wazungumzaji wa Kiswahili waishio Marekani, wengi wao wakiwa wamepitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale kabla ya kufika hapa, ambao leo wanaishi kwa mafao ya ulemavu. Mimi ni mkalimani, si wakili. Nimekaa kando ya watu wengi walioshika barua ya madeni wasiyoielewa, na ninachokiona ni kilekile: sheria inawalinda kuliko wanavyodhani, lakini inamlinda anayefungua bahasha na kujibu. Anayekaa kimya kwa woga au kwa aibu hupoteza hata kile ambacho hakuna aliyekuwa na haki ya kumchukulia.

Nadaiwa kadi ya mkopo na bili ya hospitali. Wanaweza kuchukua hela yangu ya ulemavu?

Hapana. Kifungu cha 207 cha Sheria ya Social Security (hifadhi ya jamii), sheria iliyopitishwa mwaka 1935, kinakataza mafao hayo kushikwa, kukatwa au kuchukuliwa kwa njia yoyote ya kimahakama ili kulipa madeni ya kawaida. Madeni ya kawaida ni kama kadi za mkopo, bili za hospitali, mikopo ya mtu binafsi, simu, kodi ya nyumba uliyokwisha kuhama, au pengo lililobaki baada ya gari lako kuchukuliwa na kuuzwa. Ulinzi huo unahusu SSDI, ambayo mtu huipata kwa sababu aliwahi kufanya kazi na kuchangia, na pia SSI, ambayo hupewa mwenye ulemavu au mzee asiye na kipato cha kutosha.

Ulinzi haukomi hela inapoingia benki. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Philpott dhidi ya bodi ya ustawi wa jamii ya kaunti ya Essex, New Jersey. Kaunti ilikuwa imemsaidia mtu mwenye ulemavu huku ikimtaka atie saini kwamba atarudisha. Alipopata malimbikizo yake ya Social Security, zaidi ya dola 1,800, kaunti ikaidai hela ile ikiwa tayari imo benki. Majaji walikataa. Kwa hiyo mkusanya madeni akikuambia "ikishaingia akaunti ni hela kama hela nyingine", anasema jambo lililokwisha kukataliwa na mahakama ya juu kabisa ya nchi hii miaka mingi iliyopita.

Basi hakuna kabisa anayeweza kuigusa?

Wapo, na hapa ndipo SSI na SSDI zinapoachana.

SSI ina ukuta mrefu zaidi. Haikatwi kwa matunzo ya watoto, haikatwi kwa mkopo wa masomo, haikatwi kwa kodi ya mapato. Anayeweza kuikata ni ofisi ya Social Security yenyewe, ikisema ilikulipa kupita kiasi. Hilo nitalirudia chini.

SSDI ina milango michache. Matunzo ya watoto au ya mke au mume mliyeachana yanaweza kukatwa humo, tena kwa sehemu kubwa. Serikali kuu inaweza kukata madeni yake yenyewe, kama mikopo ya masomo ya serikali, kwa sheria ya mwaka 1996, lakini haizidishi asilimia 15 ya mafao na haigusi dola 750 za kwanza za kila mwezi. Kodi ya mapato ya serikali kuu nayo ina sheria yake inayoruhusu hadi asilimia 15. Benki, hospitali, duka la samani na kampuni iliyonunua deni lako hawamo katika orodha hiyo.

Kwa mkopo wa masomo wa serikali, usikae ukikatwa tu. Mtu mwenye ulemavu wa kudumu unaomzuia kabisa kufanya kazi anaweza kuomba mkopo wote ufutwe, na tangu mwaka 2021 Wizara ya Elimu inalinganisha orodha zake na za Social Security ili kuwatambua watu hao. Lakini jina likikosewa tahajia mahali pamoja, na sisi majina yetu hukosewa sana, mfumo hauwezi kukuona. Omba mwenyewe.

Benki itajuaje kwamba hela yangu imelindwa?

Tangu Mei 2011 kuna kanuni ya Wizara ya Fedha inayoilazimisha benki iangalie. Mdai aliyeshinda kesi akipeleka amri ya kushika akaunti yako, benki ina siku mbili za kazi kutazama miezi miwili iliyopita: je, kuna mafao ya serikali yaliyoingia moja kwa moja kwa njia ya kielektroniki? Kama yapo, inajumlisha yaliyoingia katika miezi hiyo miwili, na kiasi hicho lazima ikuachie ukitumie kama kawaida. Huhitaji kuomba wala kujaza fomu. Tena hairuhusiwi kukata ada ya usumbufu wa amri hiyo kutoka katika kiasi kilicholindwa.

Chukua mtu anayepata SSDI ya dola 1,300 kwa mwezi. Miezi miwili ni dola 2,600. Akaunti ikiwa na dola 900 siku benki inapoangalia, zote ni salama. Ikiwa na dola 3,100, dola 2,600 zinaachwa na 500 zinaweza kushikwa. Hizo 500 nazo huenda ni mafao aliyoweka akiba, na sheria bado inazilinda, ila sasa ni yeye atakayekwenda mahakamani kuthibitisha zilikotoka.

Angalia maneno "moja kwa moja". Hela ikiingia kwa hundi ya karatasi uliyoipeleka benki mwenyewe, au ukiihamisha kutoka akaunti moja kwenda nyingine, benki hailazimiki kuitambua. Watu wengi wetu hutumia akaunti ya mtoto au ya shemeji kwa sababu yeye ndiye anayejua Kiingereza. Hapo hatari ni mbili: deni la shemeji linaweza kuja kuishika hela yako, na ulinzi ule ambao benki huutoa bila wewe kuomba haufanyi kazi kwa hela iliyohamishwa. Kuwa na akaunti yako, yenye jina lako, inayopokea mafao tu. Kama huna benki, kadi ya Direct Express, yaani kadi ya kupokelea mafao ya serikali, inatosha.

Na ikiwa unadaiwa na benki ileile unakoweka mafao, hamisha mafao yaingie benki nyingine kabla mambo hayajaharibika.

Akaunti yangu imefungwa tayari. Nifanye nini leo?

Nenda benki na barua ya Social Security inayoonyesha kiasi cha mafao yako. Barua hiyo hutolewa bure, kwa simu, ofisini au mtandaoni. Uliza jina la mahakama iliyotoa amri na namba ya kesi. Kisha nenda kwa karani wa mahakama hiyo uombe fomu ya kudai msamaha wa mali iliyolindwa, ujaze, uambatanishe taarifa za benki za miezi michache. Muda wa kufanya hivyo hutofautiana jimbo kwa jimbo na mara nyingi ni mfupi, wakati mwingine siku chache tu. Piga simu kwa ofisi ya msaada wa kisheria siku hiyohiyo.

Jamaa kanipigia simu anasema polisi watanikamata nisipolipa kabla ya saa kumi. Ni kweli?

Ni uongo, na kutisha hivyo ni kosa kisheria. Marekani haimfungi mtu kwa sababu ana deni la kadi au la hospitali. Wanaosema "uhamiaji watakurudisha" wanafanya kosa hilohilo.

Kuna jambo moja la kuzingatia. Mdai akishashinda kesi anaweza kuiomba mahakama ikuite uje ueleze una mali gani na kipato gani. Wito huo ni amri ya hakimu. Usipokwenda, hakimu anaweza kutoa hati ya kukukamata, na kosa litakuwa kudharau amri, si deni. Nenda, eleza kwamba unaishi kwa SSI au SSDI, onyesha barua. Kama huwezi kutoka nyumbani kwa ugonjwa, pigia mahakama kabla ya siku hiyo uombe utaratibu unaolingana na ulemavu wako.

Wananipigia asubuhi, usiku, wamempigia hata mchungaji wetu.

Sheria ya mwaka 1977 inayosimamia ukusanyaji wa madeni kwa haki inawakataza kampuni za kukusanya madeni kupiga kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa tatu usiku. Haiwaruhusu kutukana, kutishia, kujifanya wakili au mtu wa serikali, wala kuwaambia jirani, ndugu au mchungaji kwamba una deni. Wanaweza kumuuliza mtu mwingine unapatikana wapi, basi, na kwa kawaida mara moja tu. Kwa kanuni zilizoanza Novemba 2021, kupiga zaidi ya mara saba ndani ya siku saba kwa deni moja kunahesabiwa kuwa ni usumbufu. Ujumbe wa simu na barua pepe lazima vikupe njia ya kusema acheni.

Andika kila simu: tarehe, saa, jina la mpigaji, alichosema. Hifadhi ujumbe wa sauti. Ukiwashtaki ndani ya mwaka mmoja, mahakama inaweza kukupa hadi dola 1,000 juu ya hasara uliyoipata, na wao ndio watakaolipa wakili wako. Ndiyo maana wapo mawakili wanaozichukua kesi hizi bila kukudai senti.

Sheria hiyo inahusu hasa wanaokusanya madeni ya watu wengine. Hospitali au duka lenyewe likikupigia kwa jina lake, mara nyingi haliguswi nayo, ingawa majimbo kama California yana sheria inayowabana hata hao.

Nitawasimamishaje?

Kwa barua, si kwa simu. Ndani ya siku tano tangu wakutafute mara ya kwanza, lazima wakupe maelezo ya deni: ni la nani na ni kiasi gani. Una siku 30 za kulipinga kwa maandishi, na ukilipinga lazima waache kukudai mpaka wathibitishe. Lipinge kila usipolitambua. Madeni huuzwa kutoka kampuni hadi kampuni, na njiani majina ya watu wawili wanaofanana huchanganywa.

Barua ya kuwataka waache kabisa kukutafuta haihitaji Kiingereza kikubwa. Mwombe mtu akuandikie mambo manne: jina lako na namba ya deni, kwamba kipato chako chote ni mafao ya ulemavu yanayolindwa na kifungu cha 207, kwamba huna mali wala mshahara wa kuchukuliwa, na kwamba wasikutafute tena kwa njia yoyote. Itume kwa posta kwa njia ya kusajiliwa, yenye risiti ya kurudi, nawe ubaki na nakala. Baada ya hapo wanaweza kukuandikia tu kukuambia wameacha, au kwamba wanachukua hatua fulani kama kukushtaki. Deni halifutiki, ila simu zinakoma. Kwa mtu mwenye shinikizo la damu au aliyeharibiwa usingizi na vita, simu kukoma ni tiba.

Nimeletewa karatasi za mahakama. Mbona nijibu, kama hela yangu haiguswi?

Swali hili ndilo lililonifanya niandike yote haya, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanapoumia zaidi.

Ukikaa kimya, mdai anapewa hukumu bila kuulizwa maswali. Hakimu hatazami kama deni ni lako, kama kiasi ni sahihi, au kama muda wa kushtaki umekwisha. Hukumu hiyo hudumu miaka mingi, na katika majimbo mengi inaweza kufanywa upya na kuongezewa riba. Leo unaishi kwa SSI na huna kitu. Kesho unaweza kupona kiasi ukapata kazi ya muda, mume wako akaanza kazi mkawa na akaunti moja, au mtoto akakununulia nyumba kwa jina lako. Hukumu itakuwa inakusubiri hapo, nawe utakuwa umeshasahau hata jina la kampuni.

Jibu kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa kwenye wito, ambao mara nyingi ni kati ya siku 20 na 30. Mahakama nyingi zina fomu ya jibu. Kataa usichokijua, mtake mdai athibitishe kwamba deni ni lake, taja kama ni la zamani, na uandike kwamba kipato chako ni mafao yaliyolindwa. Omba kusamehewa ada ya mahakama. Wapokeaji wa SSI huipata kwa urahisi. Omba mkalimani wa Kiswahili, tena mapema, na usikubali mjukuu wa miaka kumi na miwili akutafsirie mbele ya hakimu. Kesi nyingi za kampuni zinazonunua madeni huachwa pale mdaiwa anapojibu, kwa sababu hawana karatasi za kuthibitisha.

Si bora nilipe kidogo kidogo niwe na amani? Wazee walisema dawa ya deni ni kulipa.

Walisema, na wanaosema hivyo ni watu waaminifu. Ndiyo maana wakusanya madeni hufaulu kwetu. Lakini sikubaliani na mtu kumpa kampuni ya madeni dola 50 kutoka SSI, ambayo mwaka 2025 ilikuwa dola 967 kwa mwezi kwa mtu mmoja, halafu akose dawa au akatiwe umeme. Serikali imekupa hela hiyo ule na ulale mahali. Kuitumia kwa kazi hiyo si kumdhulumu mtu.

Kuna na sababu ya kisheria. Kila jimbo lina ukomo wa muda wa kushtaki deni, mengi kati ya miaka mitatu na sita. Katika majimbo mengi, malipo madogo tu, hata dola tano, huanza kuhesabu muda huo upya. Mkusanya madeni anayekuomba "chochote ulichonacho kuonyesha nia njema" anaweza kuwa anafufua deni lililokwisha kufa mahakamani. Na kampuni ya kukusanya madeni hairuhusiwi kukushtaki wala kutishia kukushtaki kwa deni lililopita muda huo.

Kamwe usimpe namba ya akaunti yako. Kama uliwahi kumruhusu mtu akate hela moja kwa moja, unaweza kuifuta ruhusa hiyo: mwambie yeye, na uiambie benki angalau siku tatu za kazi kabla ya tarehe ya kukatwa.

Na deni la tiketi ya ndege?

Wengi mliokuja kama wakimbizi mlitia saini mkopo wa nauli wa IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, kabla ya kupanda ndege. Hauna riba, na malipo huanza takriban miezi sita baada ya kufika, kupitia shirika la makazi mapya. Usipolipa unaweza kuripotiwa kwenye rekodi ya mikopo. Lakini shirika hilo ni watu unaoweza kuzungumza nao: waandikie kwamba unaishi kwa mafao ya ulemavu, peleka barua ya daktari, omba kupunguziwa au kusogezewa malipo. Fanya hivyo kabla deni halijahamishiwa kwa wakusanyaji.

Social Security wenyewe wanasema walinilipa kupita kiasi.

Barua hii usiiweke kabatini. Una njia mbili, na unaweza kutumia zote. Kama unaona wamekosea, kata rufaa ndani ya siku 60 kwa fomu SSA-561. Kama hesabu ni sahihi lakini hukuwa na kosa na huwezi kurudisha, omba usamehewe kwa fomu SSA-632, ambayo haina tarehe ya mwisho. Ukiomba ndani ya siku 30 za kwanza, hawaanzi kukata mpaka waamue.

Kwa SSI, kawaida hukata asilimia 10. Kwa SSDI kiwango kimeyumba: mwaka 2024 kilishushwa hadi asilimia 10, mwaka 2025 kikapandishwa hadi 50. Unaweza kuomba kikatwe kidogo zaidi ukionyesha matumizi yako ya mwezi.

Bili za hospitali?

Kabla ya kuzungumzia deni, uliza msaada wa kifedha wa hospitali. Hospitali zisizo za faida zinalazimishwa na sheria ya afya ya mwaka 2010 kuwa na utaratibu wa kusamehe au kupunguzia wenye kipato kidogo, na unaweza kuomba hata baada ya bili kutumwa. Angalia pia kama Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ilikuwa ilipe na hospitali haikuipelekea bili.

Ulinzi huu unazuia kufukuzwa nyumbani?

Hauzuii. Kifungu cha 207 kinalinda hela, hakilindi nyumba ya kupanga wala gari la mkopo. Mwenye nyumba anaweza kukuondoa kwa kutolipa kodi, na aliyekukopesha gari anaweza kulichukua. Kwa hiyo kodi, umeme, chakula na gari linalokupeleka hospitali hutangulia. Kadi za mkopo hukaa nyuma kabisa.

Niweke akiba ili nilipe siku moja?

Ukiwa na SSI, kuwa mwangalifu: mali yako inayohesabiwa ikizidi dola 2,000, au 3,000 kwa wanandoa, mafao yanasimama. Akaunti ya ABLE hukuruhusu kuweka hadi dola 100,000 bila kuhesabiwa. Tangu Januari 2026 iko wazi kwa ambao ulemavu ulianza kabla ya umri wa miaka 46. Awali ilikuwa 26. SSDI haina kikomo cha akiba.

Mimi ndiye ninayempokelea mama hela zake. Madeni yake ni yangu?

Siyo, isipokuwa ulitia saini naye. Kazi yako ni kumlipia mama mahitaji yake kwanza.

Deni litanizuia kupata uraia?

Deni la kadi au la hospitali peke yake, hapana. Kodi ya mapato ambayo hukuilipa na matunzo ya watoto uliyoyakwepa kwa makusudi ndiyo yanayoulizwa. Mkimbizi anayepokea SSI ana sababu ya ziada ya kutochelewa kuomba uraia: kwa wengi SSI hudumu miaka saba tu kama hawajawa raia.

Nani atanisaidia, tena kwa Kiswahili?

Ofisi za msaada wa kisheria zipo katika kila jimbo, nyingi zikilipiwa kupitia Legal Services Corporation iliyoundwa mwaka 1974, na hazimtozi mtu wa kipato cha SSI. Piga 211 uulize iliyo karibu nawe. Social Security hupatikana kwa 1-800-772-1213. Mtu akijibu, sema tu neno "Swahili" na usubiri, mkalimani ni bure. Malalamiko dhidi ya wakusanya madeni hupelekwa CFPB, ofisi ya serikali kuu inayowalinda watumiaji wa huduma za fedha, au kwa mwanasheria mkuu wa jimbo lako. Unapokwenda popote kati ya hapo, beba barua ya mafao, taarifa za benki za miezi mitatu, na bahasha zote ulizopokea, hata zile ambazo hujazifungua.